Matawi Barabarani Siku ya Familia

Nina hasira, na nitaandika nikiwa nayo hivi hivi, maana ikipoa nitaanza kumhurumia prezida wa klabu yetu, na sitaki kumhurumia.

Mimi ni mtu wa kunyamaza. Darasani mwalimu akiuliza swali ambalo jibu lake ninalo, naangalia kalamu. Nyumbani kwetu Hewa Bora, hapa Lubumbashi, wageni wakija, naenda nyuma kuosha sahani ambazo tayari ni safi. Lakini nacheza raga. Ni winga wa kushoto katika timu ya wasichana, na mpira ukinifika mikononi sina haja ya kusema kitu. Nakimbia. Anayetaka kunijua anifuate.

Mama hajawahi kuniona nikicheza. Kwake yeye raga ni vita ya watu walionyimwa bunduki. Baba yuko Sakania kwa kazi ya reli, anarudi mara moja moja, kwa hiyo mwenye neno nyumbani ni mama. Na mwaka huu wa shule unaokuja naingia darasa la sita la sekondari, mwaka wa mtihani wa taifa. Mama alishasema viatu vyangu vya mpira vitaenda kwa binamu yangu. Siku ile nilisimama karibu na mbabula, jiko letu la makaa, likiwaka, mpaka akaniuliza kama nimemeza ulimi. Ndipo nikamwomba aje anione kwanza.

Alikoroga bukari, ugali wetu, bila kunitazama.

"Nitakuya mara moja," akasema. "Mara moja tu, niione na macho yangu. Kama iko muchezo ya bantu, utaendelea. Kama iko ya banyama, tunamaliza."

Hilo ndilo nililokuwa nalo: mara moja.

Sasa nieleze habari ya Siku ya Familia. Mechi za klabu yetu huwa na watazamaji wa aina moja, vijana wa kiume, na wengi wao hukaa upande wa ukuta na chupa ya lutuku, ile pombe kali ya kienyeji, wakitoa maneno machafu. Hakuna kivuli. Hakuna choo. Mwanamke akipita mbele ya ule ukuta anasikia habari za mwili wake mpaka afike getini. Basi kampuni moja ya vinywaji ikamwambia prezida kwamba ingependa kutusaidia, jezi na basi la safari, lakini haiwezi kuweka jina lake mahali pasipo na akina mama na watoto. Prezida akatuita wote, wanaume na wasichana, tukakaa kwenye nyasi kavu.

"Familia inataka nini?" akauliza. "Semeni. Leo nasikiliza."

Kapteni wetu wa wasichana, ambaye yeye hajui kunyamaza, akanyoosha mkono.

"Choo, papa."

Watu wakacheka. Prezida naye akacheka.

"Choo? Mimi nasema habari ya sherehe, weye unaniletea choo?"

"Mama hawezi kuikala hapa muchana muzima bila choo, papa. Na bale ba ku ukuta, banyamazishwe."

"Sawa, sawa. Wengine?"

Hakukuwa na wengine, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kuamua. Kutakuwa na turubai, na viti vyeupe vya plastiki, na bendi ya tarumbeta. Na barabarani, kutoka kona mpaka getini, matawi ya mchikichi, kama siku askofu anapokuja parokiani. Na wasichana watafungua siku, saa nane kamili, kabla ya wanaume. Hapo tulipiga makofi kweli.

Nikamwambia mama: saa nane. Mama akawaambia wenzake wa kwaya, maana wawili kati yao nao wana mabinti kwenye timu. Wakapatana kuja wote baada ya misa, na kikwembe kile kile cha kwaya, kitenge cha bluu. Kwetu mama haendi peke yake mahali asipopajua, anakwenda na kwaya.

Jumamosi, mazoezini, prezida akaja na gari lake na kifurushi. Ndani kulikuwa na vikwembe vipya, vya kijani na njano, kimoja kwa kila msichana.

"Mutakuwa sura ya klabu," akatuambia. "Mutakaribisha wageni na juisi. Mechi yenu itakuwa nyuma ya wanaume, juu wageni wa kampuni banataka kuona mechi kubwa kwanza."

"Na miguu ya klabu, papa?" kapteni akauliza.

"Miguu itangoja."

Kochi wetu alikuwa anaangalia ardhi. Mimi nilikuwa naangalia kikwembe. Nyumbani nikamwambia mama kwamba saa imebadilika, akajibu kwamba kwaya imekwisha kuambiwa saa nane, na kwaya haibadilishwi.

Jumapili tuliingia kwa mlango wa nyuma, kwa hiyo barabara hatukuiona. Nilivaa jezi na kaptula chini ya kikwembe, kama wote, tukiwa tayari. Nikapewa sahani pana ya vikombe vya juisi nisimame getini. Hapo ndipo nikaona.

Mtu wa Lubumbashi akisoma hapa atakuwa amekwisha kushika kichwa. Kwa asiye wa kwetu nieleze. Matawi yaliyosimikwa wima pande mbili za barabara ni kusema karibu: askofu, bibi harusi, mgeni mkubwa. Matawi yaliyolazwa chini, juu ya lami, ni kilio. Yanamwambia dereva apunguze mwendo na azime muziki, kuna maiti. Wafanyakazi wa prezida walileta matawi mengi na mtarimbo mmoja, wakaanza kuchimba mashimo. Ni kiangazi. Ardhi yetu nyekundu mwezi huu ni kama tofali lililochomwa. Walichimba kidogo, wakachoka, wakayalaza. Yote, kutoka kona mpaka getini. Na mwisho wa matawi kuna nini? Turubai mbili na viti vyeupe vya plastiki. Na bendi ambayo kazi yake ya wiki nzima ni makaburini, ikijaribu tarumbeta polepole.

Niliona teksi ikifika kwenye kona, muziki ukazimwa. Niliona baba mmoja na mke wake na watoto watatu, wasichana wana riboni kichwani, wamefika karibu kabisa. Baba akasimama. Akamwambia mke wake neno, wakageuka. Nani atapeleka watoto wenye riboni kwenye kilio cha watu asiowajua? Wakaja wengine, wakageuka. Familia tulizokuwa tunazitafuta zilikuwa zinakuja kwa miguu yao, na sisi tunazirudisha.

Mzee mmoja aliingia. Alivua kofia, akaenda moja kwa moja kwa prezida, akamshika mkono kwa mikono miwili.

"Pole, papa. Alikuwa mugonjwa?"

"Nani?"

"Marehemu."

Prezida akacheka ili wageni wa kampuni waone ni mzaha. Nilidhani basi atatuma watu wayaondoe matawi. Hakutuma. Alimpa mzee juisi.

Kisha ikafika kwaya. Baadaye nilielezwa ilivyokuwa: akina mama walishuka kwenye kona, wakaona matawi, wakamuuliza muuza sigara nani amekufa. Yule akajibu, "Sijue, mama. Iko kilio ya bantu ba raga."

Ba raga. Mama hakungoja zaidi. Alivua viatu, akavishika mkononi, akakimbia.

Nilimsikia kabla sijamwona. Alikuwa ananiita kwa jina la bibi yake, ambalo hulitumia nikiwa mgonjwa tu. Kitambaa cha kichwa kilikuwa kimefunguka. Nyuma yake kwaya nzima imekwisha kuanza kulia, na wale ni watu wanaojua kulia kwa sauti nne. Wanaume chini ya turubai wakasimama kwa heshima. Bendi ikanyamaza. Nilisimama na sahani yangu kama sanamu.

Akaniona. Alinishika mashavu, akanigeuza, akanipapasa kisogo kama mtu anayechagua boga sokoni. Alipohakikisha niko mzima, akaangalia sahani.

"Unafanya nini na hii?"

"Nakaribisha bantu."

"Na mechi yako?"

"Nyuma ya wanaume."

Vikombe viwili vilikuwa vimemwagika juu ya miguu yake. Hakuvitazama. Alifunga kitambaa upya, polepole, akaenda kwa prezida. Nikamfuata.

"Papa," akasema, na alisema kwa adabu, "nilikuya kuona mutoto wangu eko anacheza. Mumeniliza kilio yake."

"Mama, pole sana. Ile iko matawi ya furaha."

"Matawi ya furaha inasimamaka, papa. Yenye kulala ndiyo ya kilio. Hata mutoto mudogo anajua."

"Ni bantu ba kazi bamekosea, mama. Karibu, ikala. Batakupa juisi." Akanifanyia ishara kwa kidole, nimpe mama yangu juisi.

Hapo ndipo hasira iliponipanda. Ni hasira hii hii niliyo nayo sasa. Si kwa sababu ya matawi tu. Mtu yeyote anaweza kukosea matawi. Ni kidole kile. Tangu mwanzo anauliza familia inataka nini, kana kwamba familia ni mbuzi wa kuvutwa kwa chumvi. Familia ni sisi. Kila msichana aliyefungwa kikwembe cha kijani na njano siku ile ana mama, ana shangazi, ana wadogo wanaotaka kumwona akianguka na kuinuka. Wangejaza ule upande wote bila tarumbeta. Walikuja kwa ajili yetu, na sisi tumegeuzwa kuwa watu wa kuwapa vikombe.

Kwaya ilikaa. Walikuja kuona mabinti, hawawezi kuondoka bila kuona. Wanaume wakacheza. Wa ukutani walikuwa mahali pao, na lutuku yao. Mmoja akapaza sauti juu ya makalio ya mama mmoja wa kwaya, na hakuna aliyemnyamazisha. Akina mama wawili walipotaka choo walikwenda kupiga hodi kwenye nyumba ya jirani. Katikati ya mechi kukawa na hotuba, ikafuata hotuba nyingine ya kushukuru hotuba ya kwanza.

Wanaume walishinda. Jua lilikuwa limeshuka juu ya ukuta. Tulianza kufungua vikwembe. Kapteni alikuwa amekwisha kuchukua mpira. Lakini wageni wa kampuni wakaingia kwenye gari lao, na prezida akawasindikiza, hakurudi. Vijana waliokodisha viti wakaanza kuvikusanya. Walifika mpaka kwa mama.

"Mama, samahani, tunaomba kiti."

"Batoto hawajacheza bado."

"Hatujui habari ya batoto, mama. Tunarudisha viti."

Mama akasimama, wakachukua kiti. Alisimama hapo hapo, pamoja na wenzake, mpaka kochi alipokuja kusema kwamba giza linakaribia na mechi yetu itawekwa siku nyingine. Siku gani, hakujua. Mimi nilikuwa pembeni ya mstari, jezi mwilini, kikwembe mkononi.

Tulirudi kwa miguu. Wanakwaya walitawanyika mmoja mmoja kwenye njia zao. Karibu na nyumbani mama akasema:

"Sikuona kitu. Niliona juisi. Siwezi kusema ndiyo, siwezi kusema hapana, juu sikuona. Siku batawaweka mbele ya mechi ya wanaume, ku ile uwanja, nitarudia. Kama hawatake, haurudie kule. Sikukuzala ubebe sahani mbele ya bantu benye hawakuone."

Kuanzia siku ile sijaenda mazoezini. Jana jioni kochi alikuja nyumbani. Alibisha hodi kwa adabu, akakataa kiti, kisha akakikubali. Mama alikuwa kwenye mbabula, mimi nachambua mboga.

"Mama, prezida amekubali," kochi akasema. "Batoto bacheze. Wiki inayokuja, asubuhi, ku kiwanja ya mazoezi."

"Kuko pa kuikala?" mama akauliza.

"Hapana, mama. Iko kiwanja tu."

"Na bantu?"

Kochi alikuna goti. "Bantu... kama muko tayari kuya."

"Na mechi ya wanaume itakuwa wapi?"

"Ku uwanja mukubwa. Muchana."

Mama aliweka mwiko chini. Alinigeukia mimi. Sikumbuki lini mtu aliwahi kunigeukia hivyo katikati ya mazungumzo ya wakubwa.

"Weye unasema nini?"

Niliweka mboga chini. Niliangalia vidole vyangu, vilikuwa vya kijani.

"Nakataa," nikasema. "Nataka uwanja mukubwa. Mbele ya mechi ya wanaume. Na choo iwepo."

Kochi alinitazama kana kwamba mbabula ndiyo iliyosema. Yeye ni mtu mwema, na ndiyo sababu hafai kunisemea.

"Siwezi kumupelekea prezida maneno ile," akasema. "Atauliza nani anasema. Itafaa umwambie weye mwenyewe, mbele ya bantu, ku mazoezi."

Najua itakavyokuwa. Nitasimama kwenye zile nyasi na wanaume wote watanitazama, na prezida atacheka kama alivyocheka siku ya choo. Huenda atasema mama yangu ni mmoja tu, aende zake. Basi nitaacha raga, na binamu yangu atapata viatu.

"Nitamwambia," nikasema.

Kochi akaaga. Mama akageuza bukari kwenye sahani, akanisukumia.

"Kula kwanza," akasema.