Bustani Aliyolima Dada Ndani ya Gemu

Dada yangu mkubwa ni mwalimu wa shule ya msingi, anaishi Ipogolo, mjini Iringa. Siku moja ya mvua aliteleza akienda kazini, akavunjika mguu. Mimi nafundisha kompyuta chuoni Mbeya, na likizo ilikuwa imeanza, nikapanda basi kwenda Iringa kumuuguza. Nilimkuta sebuleni, mguu wenye plasta ukiwa juu ya stuli.

"Kamwene, dada," nikamsalimu kwa Kihehe.

"Kamwene, mdogo wangu. Wiki sita nisikanyage chini. Hata chai naletewa kama mgeni kwangu mwenyewe."

Kwenye laptopu nilikuwa na gemu nililolitengeneza kwa miaka miwili. Mchezaji anakuwa msafiri, anaanzia kijijini mikono mitupu, anajikusanyia nguvu kidogo kidogo mpaka afike darajani, ambako dubwana limeziba njia. Nilikuwa nimepima kila pigo na kila jeraha. Nilitaka mtu ashindwe mara tatu nne, kisha avuke kwa jasho. Hakuna aliyewahi kulicheza zaidi yangu. Nikampa dada apitishie muda.

Darajani hakwenda. Kijijini kulikuwa na majani ya dawa ya kuponya majeraha. Akagundua kwamba ukiyapanda yanaota, akaanza kulima. Siku ya tatu msafiri wake alikuwa na majani mia nne mfukoni.

"Vitani unakwenda lini?" nikamuuliza.

"Wewe huvuna mahindi kabla hayajakomaa?"

Nilipiga hesabu zangu kimyakimya. Kwa majani yale, dubwana lisingemuua hata wapigane wiki nzima. Roho iliniuma. Asubuhi, alipokuwa akioga, nilibadilisha gemu: msafiri asibebe zaidi ya majani kumi, na bustani isiote tena.

Aliporudi kukaa, alifungua mfuko wa msafiri, akakuta majani kumi tu.

"Nani kachukua majani yangu?"

Nilimweleza kwamba ingekuwa rahisi mno, kwamba ushindi usiotolewa jasho hauna ladha. Alinisikiliza hadi mwisho, kama anavyowasikiliza wanafunzi waliochelewa.

"Huu mguu kanipangia daktari," akasema. "Chakula napangiwa, kulala napangiwa. Humu ndani ndimo nilimokuwa najipangia mwenyewe. Na humu nako umekuja kunipangia."

Nilimrudishia majani yote na bustani yake.

Mchana ule akaenda darajani. Dubwana likampiga, akala jani. Likampiga tena, akala jingine. Mkono mmoja ulibonyeza, mwingine ulishika chungwa alilokuwa akila. Dubwana likaanguka. Nilimtazama usoni nikisubiri furaha.

"Ndiyo basi?" akauliza.

"Ndiyo basi."

Akafunga laptopu. Siku mbili hakuigusa, na mimi, nakiri, nilijisikia kama mshindi kidogo. Siku ya tatu akaniita.

"Dubwana lako ni jinga. Linaniona nakula, linanisubiri nimalize."

"Nikupunguzie majani?"

"Majani yangu usiguse. Lipe akili."

Tukakaa pamoja mezani, mimi nikiandika, yeye akielekeza. Tulilifanya lijifunze: likiona mtu anakula sana, linampokonya mfuko na kuutupa mtoni. Mara ya kwanza alipoteza majani yote. Akarudi kulima. Akashindwa tena, na tena. Siku ya nne alifanya jambo ambalo sikulifikiria katika miaka yangu yote miwili: aliyafukia majani mafungu mafungu kando ya daraja, akaingia vitani na mfuko mtupu. Kila alipojeruhiwa alikimbilia fungu moja, akala, akarudi. Alipovuka, alikuwa ametota jasho, na alinishika bega.

Plasta ilipotolewa, mguu ulikuwa umekonda kuliko mwenzake. Alirudi darasani akitembea kwa fimbo.

Nami nilirudi Mbeya. Muhula ulipoanza, niliwapa wanafunzi wangu lile gemu. Mmoja alianza kwa kurudi nyuma, akaacha njia niliyoichora, akaelekea milimani ambako sikuwa nimeweka chochote. Mdomo ulitaka kumwambia kwamba huko hakuna kitu. Nikavuta kiti, nikakaa nyuma yake, nikaandika kwenye daftari: milimani, weka kitu.