Urefu wa Bi Sultana

Rabab alishona nguo Mkunazini kwa miaka thelathini. Alipotimiza hamsini na tatu, akajiandikisha darasa la kuandika programu za kompyuta. Majirani walicheka, lakini yeye alitaka kitu kimoja tu: aingize vipimo vya mteja, kompyuta imtajie yadi za kitambaa.

Mwalimu wake, Khalil, alipoiona programu yake ya kwanza alitabasamu. Inchi moja ya mshono ilikuwa imeandikwa pahala tisa.

"Bi Rabab, siku ukitaka kuibadilisha, pahala pamoja utapasahau. Ipe jina juu kabisa, kwa herufi kubwa, kisha kwengine kote litaje jina hilo. Hiyo ndiyo thabiti. Ukishaiweka, programu haikubali ibadilike njiani."

Neno lilimpendeza. Akaandika MSHONO, akaandika UPINDO. Kisha, bila ya kufikiri sana, akaandika UREFU_WA_MAMA: inchi hamsini na sita. Kila Idi alimshonea mama yake, Bi Sultana, na miaka mingi sasa hakuwa akimpima. Kipimo kilikuwa kichwani.

Gauni la mwaka huo likatoka zuri, hariri ya kijani. Bi Sultana alipolivaa, pindo likalala sakafuni.

"Mwanangu, hili umenishonea mimi?"

"Kwa kipimo chako cha siku zote, mama."

"Cha siku zote!" Bi Sultana akacheka kidogo. "Na mimi mwenyewe si yule wa siku zote."

Rabab akampima. Hamsini na mbili na nusu. Akapima tena, akiomba awe amekosea. Inchi tatu na nusu zilikuwa zimeondoka polepole, nao wakila sinia moja kila siku. Akainama kwenye pindo, pini mdomoni, akaanza kulipandisha.

Asubuhi akajaribu kuandika urefu mpya chini ya ule wa zamani. Kompyuta ikakataa kwa maandishi mekundu. Akampelekea Khalil.

"Kuiandika thabiti umeiandika sawa," Khalil akasema. "Lakini mshono unauamua wewe. Mwili wa mtu huuamui."

Rabab akaufuta mstari ule, akamweka mama yake pamoja na vinavyobadilika. Kisha akawapigia simu wateja wake wa zamani, mmoja mmoja.

"Si unanijua, Rabab?" wakamuuliza.

"Nnakujua. Njoo nikupime."

Siku ya Idi Bi Sultana alitoka na gauni lililopunguzwa, akazunguka nyumba saba kabla ya adhuhuri.