Tope la Ndiva na Pikiniki ya Ukoo

Nikuambie jambo, rafiki yangu, ila usinicheke. Desemba iliyopita nilipewa kazi ya kuutafutia ukoo wetu mahali pa kufanyia pikiniki, na mpaka leo nikilisikia neno hilo nabadilisha mazungumzo.

Yalianzia kwenye kundi letu la WhatsApp. Binamu yangu wa Dar es Salaam aliandika kwamba Krismasi hii tukutane wote, watu themanini hivi, tena isiwe ukumbini, iwe nje kwenye majani ili watoto wajuane. Vidole gumba vikamiminika. Halafu akaongeza: "Dada yetu wa Same atatutafutia mahali, si yupo hapo hapo?" Hapo hapo! Mimi nashona nguo Same mjini, chini huku kwenye vumbi na upepo, na kijiji chetu kiko juu milimani, mwendo wa saa tatu kwa gari barabara ikiwa nzuri. Barabara haijawahi kuwa nzuri. Lakini mtu wa Dar ukimwambia Same, anaona umeshafika mpaka jikoni kwa bibi.

Basi nikaanza kuhangaika. Nilifunga cherehani siku tatu, na nguo za watu za Krismasi zimenilundikia. Gadeni ya kwanza, kando ya barabara kuu, ilikuwa na miarobaini mizuri na viti vya plastiki, lakini mwenyewe akasema chakula cha nje hakiingii. Nikamwambia sisi ni Wapare, makande tutapika wenyewe. Akanijibu kwamba ana chipsi. Nikaondoka. Nikaenda kuomba kiwanja cha shule moja, nikakuta kimelimwa mahindi mpaka golini. Nikawaandikia kundini kwamba twende Nyumba ya Mungu, tukae kando ya bwawa tule perege wa kukaanga. Wakauliza kama kuna mamba. Kabla sijajibu, mmoja akauliza kama kuna mtandao.

Nilikuwa nimechoka hivyo nilipompigia simu shangazi. Kati ya watoto wote wa bibi amebaki yeye peke yake, na bado anaishi kule kule kijijini. Nilitaka tu mtu wa kunionea huruma.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Umepapata?"

Nikamwambia sijapapata. Akasema, "Mimi viti sitaki. Nataka nikae chini kwenye majani niwaone wote bila kugeuza shingo. Shingo yangu haigeuki siku hizi. Na mwakani sijui." Sikumuuliza hajui nini. Nilijua, na nilijua pia ni mahali gani anapasema, kwa sababu katika dunia nzima ninayoifahamu ni mahali pamoja tu ambapo unaweza kuwaona watu themanini bila kugeuza shingo.

Ni kwenye ndiva yetu. Kama hujawahi kufika Upareni, ndiva ni bwawa walilochimba mababu kwenye mteremko wa mlima. Maji ya kijito yanaingia humo usiku kucha, asubuhi linafunguliwa, mfereji unayapeleka mashambani. La kwetu ni la duara, kingo zake zimeinuka pande zote na zimeota majani mafupi, laini. Ukikaa ukingoni, kila aliyekaa yuko mbele ya macho yako.

Tulipokuwa watoto, ndiva ikijaa tope, pembe ililia alfajiri kutangaza msaragambo, yaani kazi ya wote, ambayo hakuna nyumba iliyothubutu kuikwepa. Nikiisikia ile pembe nilikuwa natoka kitandani kabla sijaitwa, na mimi nilikuwa mvivu wa kutajika. Wanaume walichimba tope, akina mama wakalibeba kwa makarai, na sisi watoto tulikuwa na kazi yetu wenyewe, ya kukanyaga. Udongo mzito ulimwagwa palipokuwa panavuja, nasi tukaushindilia kwa miguu. Tulishikana mikono tukaenda mbele, tukarudi nyuma, udongo unapenya katikati ya vidole, baridi ya mlimani inapanda hadi magotini, na wakubwa wanatuimbia ili tusichoke. Mchana makande yalishushwa motoni, mahindi na maharage yaliyochemka tangu usiku, na harufu yake ilichanganyika na moshi na tope. Ukoo wetu ulikuwa na upande wake, na wengine pande zao, lakini duara lilikuwa moja.

Mwaka mmoja, nikiwa darasa la pili, nilijitia nimechomwa na mwiba. Nikakaa ukingoni asubuhi nzima nawacheka wenzangu waliopakaa tope mpaka masikioni. Chakula kilipoiva, nikawa wa kwanza kwenye foleni. Aliyekuwa anapakua ni bibi. Akanijazia sahani, akanipa, akaitazama miguu yangu. Kisha akaichukua ile sahani mkononi mwangu, wala hakuwa na hasira.

"Hujakanyaga," alisema, akampa aliyekuwa nyuma yangu.

Shangazi wakati huo alikuwa msichana mkubwa, karibu aolewe. Alikuwa amekaa ng'ambo ya pili na aliona kila kitu. Nilimkodolea macho anihurumie hata punje tatu, yeye akainamia sahani yake. Nilimnunia wiki nzima.

Kwa hiyo nilipopanda mlima kwenda kumwona mwenyekiti wa mfereji, nilipaswa kujua nitajibiwa nini. Nilikanyaga udongo pamoja naye utotoni, sasa ana mvi kunishinda. Tulisimama ukingoni. Majani yalikuwepo, duara lilikuwepo, ila mvua za vuli zilikuwa zimeshusha udongo na ndiva ilikuwa imejaa tope nusu.

"Hapa ni kwenu, dada," alisema. "Lakini utaratibu unaujua. Wa kwenu hawajashika jembe hapa tangu baba yako afariki."

Nikamwambia tutakodi vijana waje wachimbe kwa niaba yetu.

"Waje tu," akasema. "Watakula wao."

Nilikasirika, sikufichi. Nilikasirika kwa sababu katika maneno yake nilimsikia bibi. Akanieleza kwamba msaragambo ni Jumanne, kabla ya Krismasi. Tuje na majembe, tuchimbe na wenzetu mpaka mchana, na baada ya hapo ukingo ni wetu hata tukishinda hapo mpaka jioni.

Niliandika ujumbe mrefu kundini, labda mrefu kuliko wote nilioandika maishani. Nikaeleza ndiva, nikaeleza shingo ya shangazi. Wengi walikuwa wanafika Same Jumapili, kwa hiyo Jumanne wangeweza. Majibu ya kwanza yalikuwa vicheko. Mmoja akaandika, "Mama mkubwa, tunakuja kupumzika, siyo kulima." Mwingine akasema gari lake liko chini, halipandi mlima. Binamu, yule aliyeanzisha maneno yote haya, akaandika kwamba wazo ni zuri sana, tuliweke la mwakani. Halafu akaomba tupige kura ya gadeni, na ile ya chipsi ikashinda.

Jumatatu nilipanda peke yangu, nikalala kwa shangazi. Pembe haipigwi tena, siku hizi mwenyekiti anatuma meseji, nami niliamka alfajiri nikawa naisikilizia kama mjinga. Nilichimba mpaka saa sita. Viganja vilichubuka, kiuno kikakataa kunyooka, na kila gari lililolia barabarani kule chini niliinua kichwa. Moja lilikuwa la soda. Lingine sijui lilikuwa la nani.

Shangazi alifika na fimbo yake wakati makande yanashushwa. Mama mmoja akampelekea sahani kwa heshima, mzee kama yule nani angemdai kazi. Shangazi akairudisha.

"Sijakanyaga," akasema.

Akavua kandambili. Nikamshika mkono, mwenyekiti akamshika wa pili, tukamshusha mpaka kwenye udongo mpya. Akakanyaga. Hatua ndogo ndogo, mbele, nyuma, kanga ameikunja magotini, na watoto wa watu wengine wakaja wakajipanga naye bila kuambiwa. Nililia, na nilikuwa na tope usoni kwa hiyo hakuna aliyejua.

Ndipo akakubali kukaa ukingoni na kula. Miguu yake ilikuwa myeusi hadi kwenye vifundo. Alikula polepole, shingo imetulia, macho tu ndiyo yanazunguka duara zima, mtu kwa mtu. Yalipomaliza kuzunguka yakanirudia mimi.

"Wa kwetu wako wapi?" aliniuliza.

Simu ikatetemeka mfukoni. Kundini walikuwa wanabishana rangi ya sare, bluu au maruni. Nikamwambia watafanyia mjini siku mbili baada ya Krismasi, gadeni, na viti vimeshapangwa.

"Viti," alisema, akaendelea kula.

Hakushuka kwenda. Alisema shingo inamuuma, na sikubishana naye. Pikiniki ilifana kwa mujibu wa kundi. Watu themanini na kitu, sare za maruni, viti vimepangwa mistari kuelekea kwenye spika, na ili umwone binamu yako ilibidi usimame uzunguke. Watoto walijuana majina ya simu zao. Mimi nilikuwa na hasira ambayo sikujua nimpelekee nani, maana kila mtu alikuwa ananishukuru kwa kazi nzuri.

Siku hizi watu wananiambia vya zamani vimepotea, na mimi nawabishia. Ndiva ipo, majani yapo, makande yanapikwa, na mtoto ukimwonyesha udongo bado atakanyaga. Kilichopotea ni kitu kingine. Nilikijua pale gadeni, nilipoletewa sahani yangu ya chipsi na kuku. Niliitazama miguu yangu ndani ya viatu vya sikukuu, safi, kisha nikatulia na sahani mkononi, nikingoja mtu aje aichukue. Nilingoja kwa muda mrefu kidogo. Hakuna aliyekuja, nikala.