Mzee Muigai na Tairi ya Nne

Mzee Muigai hakuwa mtu wa kumwamini muuza tairi, hata muuza tairi huyo aape kwa kaburi la nyanya yake. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa ameendesha Landikruza ya zahanati moja ndogo huko Ainabkoi, akiwatoa akina mama wajawazito kwenye matope ya Kaptagat. Lakini asubuhi hiyo mjini Eldoret kulikuwa na jambo lingine la kushuku: Sista Tryphosa, muuguzi mkuu, alikuwa amekuja naye. Tangu lini Sista akaenda kununua tairi? Bila shaka kuna mtu aliyemchongea kwamba dereva anakula kitu kidogo dukani.

Hilo angelijibu, maana mikono yake ilikuwa safi. Aliloogopa ni lingine. Tangu Krismasi ukungu ulikuwa umemwingia machoni, na hakuwa amemwambia mtu, hata mkewe Wahu. Zahanati ikijua, ufunguo atapewa mwingine, naye atabaki nyumbani akitazamana na kuku.

"Mzee wetu!" Wahome, mwenye duka, alimsalimu kwa Kikuyu, kisha akarudi kwa Kiswahili kwa ajili ya Sista. "Karibuni. Mtu wa nyumbani hawezi toka hapa akilia."

Muigai akazidi kushuku. Anayekuuzia kitu kwa jina la nyumbani ni wa kuchungwa mara mbili.

Wahome alianza na rimu za alumini, pana, zinazong'aa. "Weka hizi na tairi pana, mzee. Gari itasimama kiume."

"Kwani nabeba bibi harusi?" Muigai aliuliza. "Hizo zikigonga jiwe zinapasuka. Rimu zangu za chuma zikipinda nazinyoosha na nyundo, safari inaendelea. Na hiyo tairi pana itaelea juu ya matope kama bata. Nipe nyembamba yenye meno marefu, ikate matope mpaka ifike chini kwa ardhi ngumu."

Sista alicheka. Muigai hakucheka. Alikuwa akijiuliza anacheka nini.

Zikaletwa tairi nne, nyeusi tititi, zinanukia upya. "Zote ni za mwaka elfu mbili ishirini na nne," Wahome alisema. "Soma mwenyewe, mzee."

Soma mwenyewe! Neno hilo lilimchoma. Mbona amwambie hivyo mbele ya Sista? Wamepanga? Muigai alipiga magoti. Ubavuni mwa tairi huwa kuna tarakimu nne zilizoinuka kwenye mpira, mbili za wiki na mbili za mwaka, na tangu macho yaanze kumsaliti alikuwa amejifunza kuzipapasa. Kidole kikapita taratibu. Ya kwanza: moja, moja, mbili, nne. Ya pili ilikuwa hivyo hivyo, na ya tatu pia.

Ya nne ilikuwa imelazwa tarakimu zikiwa chini. Akaigeuza. Kidole kikapita, kikasita, kikarudi mwanzo.

"Tatu, nane, moja, sita," alitamka kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. "Hii ni ya elfu mbili kumi na sita! Umeipaka dawa ya kung'arisha ukaichanganya na wenzake, ili inipasukie na mama mwenye uchungu ndani ya gari?"

"Aki mzee, hiyo ni makosa ya stoo."

"Stoo haina mikono, Wahome. Siku za mwizi ni arobaini."

Wateja wengine waliangua kicheko. Wahome alileta tairi nyingine haraka, Muigai akaipapasa nayo, akaikubali. Mafundi walipomaliza kufunga, mzee alipanda garini kifua mbele. Siku nyingi zilikuwa zimepita bila yeye kufurahi hivyo.

"Umemshika vizuri," Sista alisema kabla Muigai hajawasha gari. "Lakini ulikuwa umefumba macho."

Uongo ulikuwa tayari mdomoni: jua lilikuwa kali. Sista hakumngoja.

"Mzee, ile Jumanne ya mvua nilikutuma umchukue Jepkemboi, yule mwenye uchungu, pale msituni. Ulirudi na gari tupu."

"Barabara ilikuwa tupu, Sista. Nilikwambia hawa watu wanapenda kutuita bure."

"Alikuwa amesimama kando ya barabara na mama mkwe wake, wameshika mwavuli mwekundu. Walikupungia mkono ukienda. Wakakupungia tena ukirudi."

Muigai alifinya usukani. Aliitafuta siku hiyo kichwani, akaona mvua, akaona kijani cha miti. Hakuona mwavuli. Mwezi mzima alikuwa amewalaani watu wale kwamba ni waongo.

"Mtoto?" aliuliza.

"Alizaliwa kwa pikapu ya maziwa. Ni mzima. Ilikuwa bahati tu."

Mzee akafungua mlango, akashuka, akazunguka mbele ya gari mkono ukiwa juu ya boneti, na kufungua mlango wa upande wa abiria.

"Endesha wewe, Sista," alisema. "Na ukiona mtu amepunga mkono, simama."