Kuni za Mibuni Iliyonyauka

Siku niliyopeleka kuni msibani kwa Ma Kokugonza bado naiona, mwanangu, ingawa ningependa kuisahau. Nilikuwa nimerudi hapa kijijini kwetu, Ijumbi, na diploma yangu ya umeme, niliyoisomea kwa jasho langu, bila mjomba wala mfadhili. Nyumba ya kwanza ya vigae hapa kijijini ni yangu. Nayasema haya kwa sababu ni kweli, na kwa sababu ndiyo yaliyoniponza.

Ma Kokugonza alikuwa amefiwa na mumewe. Kwetu jirani haendi msibani mikono mitupu: huyu huleta mkungu wa ndizi, yule mzigo wa kuni, maana moto wa waombolezaji huwaka siku kadhaa. Kibanjani kwangu, shambani pale nyumbani, kulikuwa na mibuni iliyokufa kwa ugonjwa wa mnyauko. Niliikata, nikajaza pikapu, nikaona nimewashinda wote.

Njiani alinisimamisha Ta Kaijage, mzee jirani yetu. Alichukua gogo moja, akabandua gome la shinani kwa kisu. Kwenye nyufa kulikuwa na vijipele vyeusi, vidogo kuliko punje za ulezi.

"Unaviona? Huu ni ukungu, na hivi ndivyo vifuko vya mbegu zake. Vikipasuka, mvua na upepo vinazipeleka kwenye mibuni mingine. Mti huu unang'olewa na kuchomwa pale pale ulipofia."

"Ta, si zinakwenda motoni hizi?"

"Utazichoma zote leo?"

"Mimi nimesoma, Ta."

"Umesomea nyaya," alisema, akanirudishia gogo langu.

Nilicheka, nikaenda. Nilizipanga kuni zile chini ya kahawa ya mjane. Mvua ikanyesha siku zote za matanga, na zilizobaki zikakaa pale miezi.

Kahawa ile ndiyo aliyoachiwa na mumewe. Hakuwa na kingine cha kumtunza yeye na wajukuu wake wawili. Msimu uliofuata, mibuni miwili ikaanza kugeuka njano upande mmoja na kupukutisha majani. Akaniita.

"Baba, wewe msomi, kahawa yangu ina nini?"

Nilijua. Nikamwambia udongo umechoka, aweke samadi. Yule mama alibeba samadi kichwani wiki nzima, akiilisha miti iliyokwisha kufa, nami nikimtazama kutoka barazani kwangu. Ningesema siku ile, angeng'oa miwili tu. Nilinyamaza mpaka Ta Kaijage alipopita na kubandua gome mbele yake. Wakati huo ugonjwa ulikuwa umeenea kibanja kizima.

Ma Kokugonza hakunigombeza. Aliing'oa yote, akaichoma palepale. Mpaka anafariki alinisalimu vizuri, lakini hakuniuliza tena jambo lolote.

Mwanangu, mbuni ukinyauka, usiutoe kuni hata kwa nduguyo. Ung'oe, uchome hapo hapo. Usichokisomea, muulize anayekijua, hata kama hana cheti. Na ukimharibia mtu, mwambie mapema, angali na kitu cha kuokoa. Mimi diploma yangu bado naionea fahari, ila haikunisaidia kutamka maneno mawili: ni mimi.

Mungu akupe ulimi mwepesi wa kukiri, na kibanja chako kisijue ugonjwa huu kamwe.