Mbuzi Ukingoni mwa Jabali

Kazini wanamwita Mbuzi, kwa jinsi anavyoparamia mawe. Kazi yake ni kutembeza familia za watu mlimani: gari mpaka kituo cha juu, kisha miguu hadi kwenye jabali lililochomoza juu ya bonde. Hapo kila mgeni lazima apigwe picha, la sivyo atasema hakufika. Mpigaji ni Mbuzi. "Leteni simu! Mama, sogea kidogo. Mzee, cheka basi, hapa si msibani!" Watu hoi kwa kicheko. Nani atashangaa kwamba mpiga picha mwenyewe anasimama kule nyuma, mgongo kwenye mti?

Mbuzi anaogopa, ndiyo siri yenyewe. Mvua zilizopita aliteleza pale ukingoni, akabaki ananing'inia kwenye mzizi mpaka dereva alipomvuta. Wageni wakapiga makofi, wakidhani ni maonyesho, naye, mjinga yule, akawainamia kama mwigizaji! Tangu hapo haukaribii tena ukingo. Anataka kuacha. Mjomba wake anamngoja dukani, mahali tambarare, pa kuuza sabuni na misumari. Lakini amwambieje mkewe? Yule mwanamke akimtaja mumewe mbele za watu kifua kinamjaa: "Wangu mimi hushinda mawinguni!"

Basi kampuni ikaandaa siku ya familia za wafanyakazi, pale pale jabalini. Mbuzi akaapa moyoni: leo namwambia, liwalo na liwe.

Hata hawajatua vikapu, binti yake akamdaka mkono. "Baba, leo na wewe uingie kwenye picha!"

"Mimi ndiye napiga, mwanangu."

"Lete hapa," dereva akampokonya simu. "Nenda, Mbuzi! Au unaogopa mkeo atakusukuma?"

Wenzake wakaangua kicheko. Angekataa, uso wake angeuweka wapi? Akaenda, mtoto akimvuta, jasho likimtiririka mgongoni. Wakasimama, mke huku, binti kule, na nyuma yao hakuna kitu.

"Baba, unaniumiza!"

Akamwachia, akajikuta amekumbatia mkoba wa mkewe kwa mikono miwili.

"Cheka, Mbuzi, hapa si msibani!" dereva akapiga kelele. Akacheka, maskini. Picha ikapigwa, binti akakimbilia kuitazama.

Mkewe hakuondoka. Alimshika kiunoni, akamrudisha nyuma polepole mpaka kwenye majani, akamkalisha.

"Pumua, mume wangu."

"Umejua?"

"Usiku unapiga kelele. Unasema nishikeni, nishikeni."

"Tangu lini?"

"Tangu mvua zile."

Mbuzi alisikia raha mpaka machozi yakamlenga. Kumbe mzigo wote huu alikuwa anaubeba bure! "Afadhali," akasema. "Basi naacha. Hata kesho. Mjomba ameshaniambia—"

"Usiache."

Akamgeukia.

"Duka la mjomba wako halimtoshi hata yeye," mkewe alisema. "Nilinyamaza makusudi. Ningekuuliza tu, ungeacha. Nisamehe, mume wangu. Vumilia mpaka mtoto amalize shule."

Mbuzi akamtazama binti yao, anayerukaruka akitaka aonyeshwe picha. Yuko darasa la pili.