Nauli ya Sayi

Apolonia Ngassa alijifunza kuendesha baiskeli akiwa na miaka hamsini na mbili, miezi minane baada ya kukatwa titi la kushoto. Kabla ya hapo alikuwa mtu wa kupakiwa tu: kwanza na baba yake, kisha na mumewe Thomasi, mkulima wa pamba nje kidogo ya mji wa Bariadi.

Saratani ilimkuta akiwa mpishi wa shule ya msingi. Aligusa kivimbe wakati anaoga, akanyamaza nacho msimu mzima wa palizi, mpaka binti yake Gloria alipombana waende hospitali. Huko wakampa rufaa ya Mwanza: upasuaji, kisha dripu za dawa kila baada ya wiki tatu. Nywele zikapukutika, kila chakula kikawa na ladha ya chuma. Aliyemchekesha siku zile ni jirani yake wa kitanda, Sayi, mama wa watoto watatu kutoka Kimali, Meatu, aliyekuwa na ugonjwa huohuo. Sayi aliita dripu ile pombe ya daktari, na ikiisha alimuuliza muuguzi kama hakuna ya nyongeza.

Apolonia alipomaliza matibabu, mkono wake wa kushoto ulikuwa mgumu, haufiki hata kwenye kamba ya kuanikia nguo. Mtaalamu wa mazoezi alimwambia asiuache ulale. Basi siku moja Thomasi akiwa shambani, Apolonia akaitoa nje baiskeli kubwa nyeusi ya mumewe. Alianguka mara nne kabla ya kufika kisimani. Thomasi aliporudi alikuta usukani umepinda na mkewe ana vumbi mpaka kwenye kope. Alinyoosha usukani, akashusha kiti, akashika keria na kuanza kumsukuma. Baada ya mwezi mmoja Apolonia alikuwa akienda sokoni peke yake, na mkono unapanda.

Mwezi wa sita alimpigia simu Sayi kumjulia hali. Akapokea kaka yake, akasema Sayi aliacha matibabu baada ya dripu ya tatu. Mbuzi wote walishauzwa, nauli ya Mwanza hakuna, na mwenyewe hataki kuongea na mtu. Jioni Apolonia alimwambia mumewe kwamba atakwenda Kimali kwa baiskeli. Thomasi akasema ni afadhali wamtafutie nafasi kwenye basi.

"Kwenye basi nitawapita watu," Apolonia alijibu. "Kwa baiskeli nitasimama kila gulio, niwaombe nauli ya Sayi."

Thomasi akaenda kwa mdogo wake kuazima baiskeli ya pili.

Gulio la kwanza, upande wa Maswa, mambo yalikuwa magumu. Watu walimtazama mama mzima juu ya baiskeli ya kiume, wakabaki mbali. Apolonia alikuwa amejaza pamba kwenye sidiria, upande uliokatwa, na kwa mitikisiko ya njia pamba ile ilikuwa imehamia kwapani. Akaingiza mkono mbele ya watu wote, akairudisha mahali pake.

"Msishangae," alisema kwa Kisukuma. "Hili nimelilima mwenyewe. Lile nililozaliwa nalo limekatwa kwa sababu nilichelewa."

Wanawake waliangua kicheko, kisha wakasogea. Akawaeleza habari za Sayi. Waliokuwa na fedha walitoa, wengine wakaleta michembe, yaani viazi vilivyokaushwa, na mzee mmoja akamfungia jogoo kwenye keria. Halafu wanawake watatu wakamvuta nyuma ya kibanda cha vitenge, kila mmoja na kivimbe chake. Aliwaambia wote kesho yake wawahi zahanati.

Walifika Kimali siku ya tatu mchana, jogoo akiwika njiani kote. Sayi alikuwa amekaa mlangoni akibambua karanga, amekonda.

"Mwadila, mayu," alisalimia polepole kwa Kisukuma. "Umekuja kunizika?"

"Nimekuja kukuchukua. Nauli ipo mpaka dripu ya mwisho. Wametoa watu usiowajua."

Sayi akainama, akalia. Kisha akakiri kwamba si nauli peke yake iliyomzuia. Aliogopa kufia mbali na wanawe. Apolonia akamwahidi kwamba hataenda peke yake hata safari moja, na ahadi ile aliitimiza. Madaktari walianza upya, na ilichukua karibu mwaka, lakini vipimo vya mwisho vilikuwa vizuri.

Sasa kila mwaka pamba ikishauzwa, Apolonia na wenzake wanatoka na baiskeli kuchangisha nauli za wagonjwa. Safari hii walikuwa wanawake tisa, wakielekea Malampaka. Sayi, ambaye tangu usichana alibeba maji kwa baiskeli, alimpita Apolonia kabla hawajafika stesheni, akampungia mkono, wala hakupunguza mwendo.